Daktari wa Mifupa Aliyeanza na Homa

Wewe usomaye Timau, Nanyuki au Nyeri, yamkini katika ukoo wenu yupo mzee aliyetiwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Hali hiyo ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walifungwa pasipo kuhukumiwa. Katika kambi ya Manyani watu walisongamana mno, na mwaka 1954 ikazuka homa ya matumbo, ambayo huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa.

Miongoni mwa madaktari waliowatibu wafungwa wa Mau Mau walioshikwa na homa hiyo alikuwamo kijana Mwingereza, Ronald Huckstep. Alizaliwa China mwaka 1926, na katika Vita Vikuu vya Pili yeye mwenyewe alizuiliwa na Wajapani. Baadaye alisomea udaktari Cambridge na London. Huckstep hakutosheka kutoa dawa tu, bali alichunguza mwendo wa maradhi, akayaandika aliyoyaona. Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya homa hiyo.

Utauliza, homa na mifupa vina uhusiano gani? Vijidudu vya homa ya matumbo huweza kupita katika damu, vikakaa mfupani na kuuozesha. Basi aliyetaka kuijua homa ile sawasawa hakuweza kuishia tumboni.

Mwaka 1960 Huckstep alikwenda hospitali ya Mulago, Uganda, akafundisha upasuaji wa mifupa Makerere. Huko aliwakuta watoto waliopoozwa na polio, wakitambaa kwa mikono na magoti. Miguu iliyojikunja iliweza kunyoshwa kwa upasuaji, lakini mtoto hasimami pasipo chuma cha kumwegemeza, na vyuma vya kuagizwa ng'ambo vilikuwa ghali. Kwa hiyo alihimiza vitengenezwe papo hapo, kwa vifaa rahisi. Maarifa hayo aliyakusanya katika kitabu kingine mwaka 1975, akiwa profesa Sydney. Alifariki mwaka 2015.

Ewe utamaniye udaktari, jifunze kwake kutazama kwa makini na kuandika kwa uaminifu. Lakini usisahau upande wa pili. Jina la daktari limo vitabuni. Majina ya wafungwa waliomfundisha kwa miili yao hayamo. Wao hawakwenda kule kwa hiari. Elimu iliyopatikana kwao ni deni, nalo hulipwa kwa kuwatibu wanyonge.