Sauti ya Redio na Rika la 1984

Kiswahili hutofautisha kizazi na rika, ingawa matumizi ya siku hizi huyachanganya maneno hayo mawili. Kizazi huletwa na miaka. Rika, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakiwemo Wamaasai, lilihitaji tukio: vijana waliotahiriwa pamoja walibaki rika moja hadi uzeeni. Kwa maana hiyo ya zamani, Watanzania waliokuwa shuleni mwaka 1984 ni rika, na kilichowatia jandoni ni msiba.

Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, Mmaasai wa Monduli mwenye umri wa miaka 45, alifariki karibu na Dakawa, Morogoro, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Rais Nyerere aliutangaza msiba huo mwenyewe redioni. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Taifa zima lilitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam. Msiba ulisikika kabla ya kuonekana, na ulisikika kwa sauti moja. Ndiyo sababu wanaousimulia huanza na redio: ilikuwa ya nani, nani alikuwa ameketi karibu nayo.

Hata hivyo sauti peke yake haitoshi. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, sukari, sabuni na nguo ziliadimika. Mwaka 1983 Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na mtoto aliyetumwa kupanga foleni alilijua jina lake kabla ya kujua kazi ya waziri mkuu. Kifo kiliangukia jina ambalo tayari lilikuwa limebeba tumaini la watu. (Familia za waliowekwa kizuizini katika msako huo zina kumbukumbu nyingine, ambayo haisikiki sana kila Aprili.) Miezi michache baadaye, bajeti ya 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na maduka yakaanza kujaa. Kwa hiyo anayemlilia Sokoine hulilia pia, pengine bila kujua, siasa iliyokuwa inaelekea ukingoni.

Idadi ya waliokufa si kipimo cha kutosha. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 iliua mamia ya watu, na uchungu wake ungali mzito mno Mwanza na Kagera. Lakini maswali yake yalihusu chombo na mzigo. Neno "ajali" lilikubalika huko. Kuhusu Dakawa, wengi walilipokea neno hilo kwa shaka, na shaka hiyo ndiyo waliyowarithisha watoto wao.

Mwaka huohuo wa 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro. Wanafunzi wake hukiita SUA.