Meli Iliyobeba Jina la Uzaramo

Kibuta haina bahari. Ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, nchi ya vilima vifupi, mikorosho, miembe na mashamba ya muhogo. Mtu wa huko akitaka kuyaona maji ya chumvi hana budi afike Kisarawe mjini, ateremke Pugu, apenye msongamano wa Gongo la Mboto, ndipo atokee Kivukoni. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1920 hadi 1944 ilikuwapo meli ya abiria iliyoandikwa jina la nchi hii omoni na tezini. Iliitwa Usaramo, kwa tahajia ya Kijerumani, na bandari yake ya nyumbani ilikuwa Hamburg.

Uzaramo ya wazee ni nchi iliyo kati ya Mto Ruvu na njia ya kuelekea Rufiji, bahari ikiwa upande wa mawio. Kibuta imo, Masaki imo, Maneromango imo, na Dar es Salaam yenyewe imo, ingawa siku hizi mjini hupenda kusahau jambo hilo. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga mji wake miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, alikuwa anajenga katika ardhi ambayo Wazaramo walikuwa wakiilima na kuitolea matambiko kabla yake.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Uzaramo kusafiri baharini. Kabla ya meli za moshi, bidhaa iliyoitambulisha nchi hii kwa wageni ilikuwa sandarusi, utomvu wa kale wa msandarusi uliozama ardhini ukawa mgumu. Wazaramo waliuchimba kwa majembe na vijiti, wakauteremsha pwani, ukavushwa Unguja, na kutoka Unguja merikebu za Kimarekani zikaupeleka ng'ambo ya Atlantiki hadi Salem, Massachusetts. Huko kulikuwa na kiwanda cha kuusafisha, kisha ukageuzwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Wamarekani walilipa kwa vitambaa, na ndiyo maana mpaka leo bibi zetu huita kitambaa cheupe kigumu merikani. Kwa hiyo kama kuna mtu anayedhani Atlantiki ni habari ya watu wengine, mababu wa Kisarawe walikuwa na mkono wao katika biashara hiyo karne moja kabla ya meli tunayoizungumza.

Meli yenyewe ilikuwa ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoundwa 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Ujerumani ili kuunganisha Hamburg na koloni lake jipya. Kabla ya Vita vya Kwanza, kampuni hiyo ilipenda majina ya vyeo kwa meli zake kubwa: König, Kronprinz, Feldmarschall, Bürgermeister. Vita vikaimaliza. Meli yake Tabora, iliyokuwa imegeuzwa ya hospitali, ilizamishwa ndani ya bandari ya Dar es Salaam mwezi Machi 1916. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaidai Ujerumani kila meli ya biashara yenye tani 1,600 au zaidi, na koloni likaenda kwa Waingereza, wakaliita Tanganyika.

Hapo ndipo majina yalipobadilika. Kampuni iliyonyang'anywa meli na nchi ilianza upya kwa kuziita meli mpya kwa majina ya nchi na watu waliopotezwa. Usaramo ilitoka mwaka 1920, na ndugu zake wakafuata: Ussukuma na Wangoni 1921, kisha Tanganjika, Usambara, Njassa, Watussi na Ubena. Abiria angeweza kuisoma ramani ya Afrika Mashariki kwa kusimama tu gatini Hamburg. Kwangu mimi huo haukuwa upendo kwa Wazaramo wala Wasukuma. Mwenye nyumba aliyefukuzwa alikuwa ameondoka na kibao cha mlangoni, na kila safari alikuwa anakuja kukionyesha kwa aliyehamia.

Wazaramo wenyewe hawakuulizwa. Walikutana na meli hizi kwa mabega yao.

Bandari ya Dar es Salaam kati ya vita viwili haikuwa na gati la maji marefu. Meli kubwa iliingia kwa uangalifu kupitia mlango mwembamba kati ya Magogoni na upande wa Kigamboni, ikatia nanga katikati ya hori, na kazi yote ikafanyikia majini. Abiria walishuka kwa ngazi ya ubavuni hadi kwenye mashua, wakapelekwa ufukoni wakiyatazama makanisa mawili, la Kilutheri la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu. Mizigo ilikuwa na mwendo mwingine. Matishari, yale mashua mapana ya chuma yasiyo na injini, yalivutwa hadi ubavuni mwa meli. Genge moja liliingia ngamani, jingine likabaki ndani ya tishari, na kati yao winchi ikipandisha na kushusha nyavu. Serahangi alisimama juu ya deki akitoa ishara kwa mkono, kwa sababu kwa kelele za mvuke hakuna aliyesikia neno. Kutoka ngamani yalitoka mabati, saruji, vyuma na masanduku ya vitu vya madukani. Yaliyoingia yalikuwa marobota ya mkonge, pamba, kahawa na ngozi. Robota la mkonge halina mshiko mzuri na nyuzi zake hukata mikono, nalo ndilo lililokuwa zao kubwa la Tanganyika.

Waliofanya kazi hiyo waliitwa makuli, na wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa: meli ikiwapo kuna kazi, meli isipokuwapo hakuna. Mfumo huo uliwaumiza wahamiaji wa mbali kuliko wenyeji. Mzaramo aliyekuwa na shamba la muhogo saa chache kutoka mjini aliweza kuja bandarini siku za neema na kurudi kwake siku za ukame wa meli. Hilo ni jambo ambalo waajiri walilitegemea sana bila kulisema: shamba la Kisarawe ndilo lililokuwa likimlisha kuli siku ambazo bandari haikumlipa. Ukitafuta mchango wa vijiji kama Kibuta katika historia ya meli hizi, anzia hapo.

Juu ya deki, maisha yalikuwa mengine. Njia ya kawaida ilitoka Hamburg, ikapita bandari za Ulaya Magharibi na Genoa, ikaingia Mfereji wa Suez, Aden, Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, kisha Beira, Lourenço Marques na Durban. Meli nyingine ziliendelea kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kurudi Ulaya kwa Atlantiki. Baada ya Waingereza kuwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika mwaka 1925, vyumba vilijaa walowezi waliokuwa wakienda Usambara, Kilimanjaro na nyanda za juu za Iringa. Walikuwamo pia wamisionari wa Kilutheri, ambao kituo chao cha Maneromango, jirani na Kibuta, kilikuwapo tangu miaka ya 1890. Hata baadhi ya maofisa wa Kiingereza walipanda meli hizi, kwa nauli na kwa chakula, ingawa wakubwa wao hawakufurahi. Wahindi wengi walikuwa na njia yao: meli za British India kati ya Bombay na Durban, kama Karanja na Kenya, ambako maskini walisafiri dekini na mikeka na vyombo vyao vya kupikia.

Na Mwafrika? Kama abiria wa chumba, alikuwa nadra mno. Kisa kinachonikaa moyoni ni cha kabla ya kipindi hiki. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo wa Dunda karibu na Bagamoyo, yule ambaye maandishi yake ndiyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa 1903, alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1900. Alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Serikali ya koloni ikawakataza kushuka. Mzaramo aliyeijua desturi ya nchi yake kuliko mtu yeyote wa ofisini aliitazama pwani yake kutoka melini, akarudishwa Ulaya pamoja na mkewe. Alifia Berlin mwaka 1927.

Kama mfanyakazi, Mwafrika alikuwapo. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Hakuwa Mzaramo, baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Akiwa mtoto wa miaka kumi alitumikia vita pamoja na baba yake. Miaka ya 1920 akapata kazi ya kuhudumia abiria katika meli za kampuni hii hii, na 1929 alishuka Ujerumani akaenda Berlin kudai mshahara wa vita ambao yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Hakuupata. Akabaki huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mkahawa, mwalimu msaidizi wa Kiswahili chuoni, na mwigizaji wa filamu, mara nyingi akipewa nafasi ya boi au askari mtiifu. Alioa Mjerumani Januari 1933, mwezi uleule ambao Hitler aliingia madarakani.

Utawala huo ulibadilisha pia kazi ya meli. Usiku wa kuamkia Agosti mosi 1936, siku ambayo michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Berlin, Usaramo iling'oa nanga Hamburg ikiwa na abiria zaidi ya 80, wanaume watupu, waliovaa kiraia na kujiita chama cha watalii. Walikuwa marubani na mafundi wa jeshi la anga la Ujerumani. Ngamani mlikuwa na ndege sita za kivita aina ya Heinkel 51 zilizofunguliwa vipande, pamoja na mizinga ya kutungulia ndege. Siku chache baadaye walishuka Cádiz, Hispania, kumsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kikosi kilichokuja kuitwa Condor, kilichouteketeza mji wa Guernica mwaka 1937, kilianza safari yake katika meli yenye jina la Uzaramo. Sidhani kama kuna mtu Kisarawe aliyepata kuambiwa.

Miaka mitatu baadaye meli hiyohiyo ilibeba abiria wa aina nyingine kabisa. Mwaka 1939 ilielekea Shanghai na wakimbizi wa Kiyahudi, kwa sababu Shanghai ilikuwa miongoni mwa bandari chache duniani zilizowapokea wasio na viza. Wayahudi wengine walikuwa wameshuka Mombasa kutoka meli ndugu, wakaanza upya katika mashamba ya Kenya. Ndani ya miaka mitatu, deki moja ilibeba wapiganaji wa Hitler na waliomkimbia, na nauli ilikwenda kwenye kampuni ileile.

Mwezi Julai 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Huo ulikuwa wakati wa kuamka: mwaka 1937 gazeti la Kwetu lilikuwa limeanza kutoka mjini chini ya Erica Fiah, na mwaka 1938 Wazaramo walikuwa wameunda umoja wao. Wiki chache baada ya mgomo, vita vikalipuka na meli za Kijerumani zikatawanyika. Adolph Woermann ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe Novemba 1939 huko Atlantiki ya Kusini, isianguke mikononi mwa Waingereza. Mwezi uliofuata Watussi ikapata mwisho kama huo karibu na Rasi ya Tumaini Jema, na Ussukuma karibu na Argentina. Windhuk ilijipaka rangi ikajidai meli ya Kijapani, ikafika Santos, Brazil, na ikakwama huko. Ndugu yake Pretoria ndiyo iliyokuwa na bahati ya ajabu kuliko zote: baada ya vita iliangukia kwa Waingereza, na hatimaye, kwa jina la Gunung Djati, ikawa meli ya mahujaji wa Indonesia kwenda Jeddah.

Usaramo iliishia Bordeaux, Ufaransa. Ilizamishwa Agosti 1944, Wajerumani walipokuwa wanaukimbia mji huo. Miezi mitatu baadaye, Novemba 24, Bayume Mohamed Husen alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Alikuwa amekamatwa 1941 kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, muda mfupi tu baada ya kumaliza kuigiza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani Afrika Mashariki.

Dar es Salaam, makuli waligoma tena 1943, safari hiyo vita vikiendelea. Mgomo mkubwa ulikuja Septemba 1947. Ulianzia kwenye matishari, ukapanda Reli ya Kati kituo kwa kituo kupitia vilima vya Pugu hadi bara, na mwaka huohuo wafanyakazi wa bandari wakaunda chama chao. Magati matatu ya maji marefu yalifunguliwa 1956. Tangu hapo meli ziliweza kufunga kamba ukingoni, na kuli akaingia melini kwa miguu yake.