Bunduki ya Simba na Bunduki ya Ndovu

Mwezi wa Aprili, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Walikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Miongoni mwa silaha zake ilikuwamo bunduki ya Winchester ya mwaka 1895. Mwindaji alipousukuma chini wenzo wake na kuurudisha, ganda tupu liliruka nje na risasi mpya ikaingia mahali pake. Risasi hiyo, iliyoitwa 405, ilikuwa na uzito wa gramu 19 hivi. Roosevelt aliisifu mno. Kwake, ilikuwa ndiyo dawa ya simba.

Lakini dawa ya simba si dawa ya ndovu. Risasi ile ilikuwa nene na fupi. Ilimwangusha simba, bali haikupenya vema ngozi ngumu na mifupa mizito. Kwa ndovu, Roosevelt alishika bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili, yenye risasi ya gramu 31 hivi.

Mwindaji aliyekosea kuchagua hakujihatarisha peke yake. Nyuma yake alisimama Mwafrika mchukuzi wa bunduki.

Baba na mwana waliua wanyama 512. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa namna hiyo. Basi tujifunze: kila chombo kina mpaka wake, na mkono unaokishika nao pia.