Mashujaa Waliosikiwa Isiolo

Msomaji, neno kiwanja lina maana zaidi ya moja. Ni mahali pa kujenga nyumba, ni mahali pa kuchezea, na ni mahali ndege zinaposhuka. Mtaa wa Kiwanjani, katika mji wa Isiolo, uko jirani na kiwanja cha ndege, na watoto wake, kama watoto wa kila mtaa, hugeuza uwazi wowote kuwa kiwanja cha mpira. Katika insha hii nataka tuulize swali moja. Ilikuwaje mtoto wa mji huu, asiyepata kufika Nairobi hata mara moja, akawa na shujaa katika klabu ya Nairobi, akamshangilia, na akiwa mzee mwenye mvi akamkumbuka kama anavyomkumbuka ndugu yake? Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini ndani yake mna habari za utawala, za redio, za kabila na taifa, na za tabia ya kumbukumbu ya mwanadamu.

Kwanza yafaa tujue Isiolo ilikuwa wapi. Kwa ramani iko karibu kilomita 280 kutoka Nairobi, mwendo ambao basi la leo huumaliza kwa saa chache. Lakini umbali hauhesabiwi kwa kilomita peke yake. Wakati wa ukoloni nchi ya kaskazini ilitengwa kwa sheria. Ile ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934 zilizuia watu kuingia na kutoka bila ya kibali, na Isiolo ilikuwa mlango wa nchi hiyo iliyofungwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ulikuja pamoja na vita vya kaskazini, ambavyo vilitulizwa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1967. Hata baada ya hapo sheria za dharura zilikaa miaka mingi. Msafiri aliyekwenda kusini aliweza kusema kwamba anakwenda Kenya, kana kwamba alikotoka si Kenya. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwa mambo mengi, watu wa Isiolo hawakuwapo.

Katika kandanda, hata hivyo, walikuwapo, na kilichowafikisha uwanjani kilikuwa redio. Sauti ya Kenya, iliyopewa jina hilo mwaka 1964, ilitangaza michezo mikubwa kwa Kiswahili. Redio haikuomba kibali wala haikusimama kizuizini. Ilihitaji mawe yake tu, na mawe yakichoka yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo ya kumalizia kipindi cha pili. Redio moja ilitosha watu ishirini. Mborana alikaa karibu na Msomali, Mturkana karibu na Mmeru, wote wakiwa kimya, kwa sababu anayepiga kelele huwanyima wenzake bao. Watoto walichuchumaa nje ya duara la wakubwa. Mchezo ulipokwisha, walikwenda na mpira wao wa matambara wakaucheza upya, na kila mmoja alichagua jina la mchezaji atakayekuwa yeye jioni hiyo.

Jina lililochaguliwa zaidi kuliko mengine katika miaka ya sitini lilikuwa Kadenge. Joe Kadenge alichezea Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964, na alichezea timu ya taifa. Alisifiwa kwa chenga na kwa wepesi wa miguu. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilitaja jina lake kwa namna iliyowafanya wasikilizaji wauone mpira. Maneno yake, “Kadenge na mpira”, yakawa msemo wa Kenya nzima, ukajulikana hata na watu waliozaliwa baada ya Kadenge kuacha kucheza. Fikiri, msomaji, juu ya ajabu hii. Mtoto alimpenda mtu ambaye hakuujua uso wake. Urefu wake, rangi ya fulana yake na mwendo wake vilikuwa kazi ya mtangazaji na ya mawazo ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo shujaa wa Isiolo alikuwa mkubwa kuliko shujaa wa Nairobi, maana aliyemwona kwa macho aliona pia siku alizoanguka na siku alizochoka, lakini aliyemsikia kwa masikio alisikia yale tu yaliyostahili kutangazwa.

Jambo la pili la kutazamwa ni ukabila. Klabu kubwa za wakati ule zilianzishwa na watu wa makabila. Abaluhya ilikuwa ya Waluhya kwa jina lake. Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars, ilipewa jina la mganga mashuhuri wa Waluo wa zamani. Mwaka 1980 serikali ilitaka majina ya kikabila yaondolewe, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Gor Mahia ilibaki na jina lake. Mtoto wa Isiolo hakuwa Mluo wala Mluhya. Hakurithi klabu kwa baba yake. Alichagua kwa sikio: sauti iliyomfurahisha siku fulani, bao lililomrusha juu, au kaka aliyemtangulia kuchagua. Hivyo klabu iliyoanzishwa kwa ajili ya kabila moja ikawa na watoto katika nyumba za makabila ambayo waanzilishi wake hawakuyafikiria. Sisemi kwamba mpira uliondoa ukabila. Nani asiyejua matusi na mawe ya viwanjani? Nasema kwamba watoto hawa walivuka mpaka bila ya kuambiwa, na kwamba walivuka kwa mapenzi, si kwa amri.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu yenyewe, maana hapa mwanafunzi wa historia ana fundisho. Mwulize shabiki mzee wa Gor Mahia habari za mwaka 1987, naye atakueleza kwa furaha namna timu yake ilivyowashinda Watunisia wa Espérance na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika. Atawataja Austin Oduor, aliyekuwa nahodha, na Peter Dawo, aliyefunga mabao 10 na kuwa mfungaji bora wa mashindano yale. Atakayoyasema ni kweli. Lakini fungua kumbukumbu zilizoandikwa. Mchezo wa Tunis ulikwisha kwa sare ya 2-2. Mchezo wa Nairobi, uliochezwa Kasarani tarehe 5 Desemba 1987 katika uwanja uliokuwa mpya, ulikwisha kwa sare ya 1-1. Gor Mahia haikushinda hata mchezo mmoja kati ya hiyo miwili. Ilichukua kombe kwa sheria ya wakati ule, iliyotukuza mabao yaliyofungwa ugenini. Kisha mwulize mzee huyo habari za mwaka 1979. Huenda akanyamaza kidogo. Mwaka huo Gor Mahia ilifika fainali ya kombe hilohilo, ikafungwa na Canon Yaoundé ya Kamerun 2-0 Nairobi na 6-0 Yaoundé.

Je, mzee huyu ni mwongo? La, si mwongo. Maandishi huhifadhi hesabu, na moyo huhifadhi maana. Hesabu ya 1987 ni sare mbili. Maana yake ni kwamba klabu ya Kenya ilitwaa kombe la bara kwa mara ya kwanza, na kwamba mtu wa Isiolo aliweza kusema “tumeshinda”, akijihesabu ndani ya neno hilo. Mwanahistoria mwema hukusanya vyote viwili. Akichukua hesabu peke yake, atajua mabao asijue furaha. Akichukua furaha peke yake, atasahau mabao manane ya 1979.

Lipo pia jambo la kuhuzunisha. Shujaa wa mtoto hazeeki, lakini mchezaji huzeeka. Wachezaji wa zamani hawakutajirika kwa mpira. Kadenge, ambaye jina lake lilijaza viwanja, aliendesha teksi Nairobi baada ya siku zake za uwanjani, na alifariki mwezi Julai mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Mbotela alimfuata Februari 2025. Wako waliopanda teksi ile wasijue ni nani anayewaendesha. Kwa upande mwingine, mzee katika mtaa wa mbali aliendelea kumwona akikimbia na mpira, kijana daima. Tofauti hii kati ya sifa na malipo ni sehemu ya historia ya michezo yetu, wala haifai kufichwa na nderemo.

Lakini mambo hayakukoma hapo. Mwaka 2017 mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Kenya, kwa mabao 17, alikuwa Masoud Juma wa Kariobangi Sharks, kijana wa Isiolo. Jina kutoka mji uliosikiliza likawa miongoni mwa majina yanayosikilizwa. Mtoto wa leo hana haja ya kuanika mawe juani. Anaweza kumwona shujaa wake kwa simu, na mara nyingi shujaa huyo huchezea Uingereza au Hispania. Simlaumu, kwa kuwa hata babu yake alimpenda mtu wa mbali. Ila babu alimpenda mtu wa mbali aliyekuwa wa nchi yake, na mapenzi hayo yalikuwa mojawapo ya kamba chache zilizomfunga na nchi ambayo haikumjali sana.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, ufanye kazi ndogo. Mtafute mzee mmoja katika mtaa wako. Mwulize alipokuwa na miaka kumi aliipenda klabu gani, mchezaji gani, na alisikiliza redio ya nani. Andika majibu yake kama anavyoyasema, kisha yalinganishe na tarehe na matokeo yaliyochapishwa. Yakitofautiana, usimcheke wala usimkatize. Tia alama, ujiulize kwa nini moyo wake ulichagua hivyo. Historia ya kaskazini imeandikwa zaidi kwa mkono wa askari na watawala, nao waliandika habari za mifugo, mipaka na vita. Hawakuandika kwamba jioni moja watu ishirini wa makabila manne walinyamaza pamoja wakingoja bao. Wazee walioketi katika duara lile wanapungua kila mwaka, na wasipoulizwa watakwenda na jioni hiyo.