Sare ya London: ukuta uliomuchosha Kasparov

Wandugu, kwetu mutu akisikia "sare" anasema tu: hakuna aliyefanya kitu. Mimi sikubali, na sababu yangu ni parti moja ya chesi iliyochezwa London, tarehe 8 Oktoba 2000.

Ile siku Garry Kasparov, bingwa wa dunia tangu 1985, alianza mechi ya parti 16 na Vladimir Kramnik, kijana wa miaka 25. Hawakuwa wageni. Mwaka 1995 Kramnik alimusaidia Kasparov kujitayarisha kwa kupambana na Anand. Basi alijua nguvu ya huyu mukubwa iko wapi: kushambulia, malkia akiwa bado ubaoni.

Kasparov, mwenye kete nyeupe, alifungua kwa njia ya Kihispania. Kramnik akajibu na ulinzi wa Berlin, mbinu ya karne ya 19 ambayo wakubwa wengi walikuwa wameiweka kando. Kwa hatua ya 8 tu, malkia wote wawili walikuwa wamekwisha kulana. Mufalme mweusi akabaki katikati, bila haki tena ya kujificha nyuma ya ngome, na askari wake wawili wamepangana kwenye mustari mumoja. Ukiangalia haraka, unasema mweusi amekwisha. Lakini malkia akiwa hayuko, nani atamufukuza ule mufalme? Tena Kramnik alibaki na maaskofu wake wawili, na upande wake hapakuwa tundu la kuingilia. Hatua ya 25, sare.

Kasparov alirudi kugonga ule ukuta parti ya 3, ya 9 na ya 13. Zote sare, ya 13 haikufika hata hatua ya 15. Kramnik naye, akiwa na nyeupe, alishinda ya 2 na ya 10. Mwisho ikawa 8.5 kwa 6.5. Kasparov hakushinda hata parti moja, na kiti kikaenda.

Sisi tuliosomea agronomia tunaelewa haraka. Mahali udongo ni dhaifu, mulimaji hatafuti kwanza mbegu yenye kuzaa sana, anatafuta yenye kuvumilia. Mavuno makubwa anayatafutia kwenye shamba lenye rutuba. Kramnik alifanya vile: na nyeusi alivumilia, na nyeupe njo alivuna.

Kwa hiyo, mukiona sare, muulize kwanza: kati ya wale wawili, nani alikuwa anaihitaji?