Chuma kisichojulikana: namna mionzi inavyoua pale habari inapochelewa

Tarehe 28 mwezi wa tisa 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, mama mmoja alipanda basi pamoja na kijana aliyekuwa akifanya kazi kwa bwana yake. Walibeba mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa kipande cha chuma. Waliposhuka, kijana aliuweka mfuko begani, wakaingia katika ofisi ya afya ya mji. Mama akamwambia mganga kwamba kitu hicho ndicho kinaua watu wa kwake. Hakusomea mambo ya mionzi. Aliona tu kwamba watu waliokaa karibu na kile chuma walianza kuugua wote kwa wakati mmoja.

Zilikuwa zimepita siku 15 tangu chuma kile kitolewe mahali pake. Kilikuwa sehemu ya mashini ya kutibu kansa. Kliniki yenye mashini hiyo ilihama mwishoni mwa 1985, ikaiacha ndani ya jengo la zamani bila kuarifu wakubwa wanaosimamia mionzi, ingawa sheria iliitaka ifanye hivyo. Jengo likabomolewa nusu, likabaki wazi. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1987, vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma vikuukuu vya kuuza, ile watu wanaita mitraye, waling'oa kichwa cha mashini na kukipeleka nyumbani. Muda mfupi baadaye wakaanza kutapika. Walifikiri ni chakula kibaya.

Walipokuwa wakikifungua walitoboa kifuko kidogo cha ndani, chenye unga wa cesium-137, gramu 93 hivi. Tarehe 18 wakauza vyuma vile kwa mfanyabiashara wa mitraye. Usiku yule bwana akaona mwanga wa buluu ukitoka ndani ya chuma. Akafikiri ni kitu cha bei kali, pengine hata cha kimungu, akaita ndugu na majirani waje kuona. Vipande vidogo kama punje za mchele vikagawanywa. Kuna waliojipaka unga ule mwilini kama mapambo ya sikukuu. Mtoto wa kike wa miaka 6 alikula chakula kwa mikono iliyoshika unga ule.

Watu 4 walikufa: mtoto yule, mama aliyepanda basi, na vijana wawili wafanyakazi wa yule mfanyabiashara. Watu zaidi ya 112,000 walipitishwa kwenye uwanja wa michezo wa mji ili wapimwe, na 249 kati yao wakakutwa na uchafu wa mionzi. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachimbwa na kufungwa ndani ya mapipa.

Hata baada ya mama kuleta mfuko, hatari ilikuwa haijaisha. Mganga aliuweka uani, juu ya kiti, ukalala pale. Kesho yake mtaalamu wa fizikia aliazima chombo cha kupimia mionzi kutoka ofisi inayotafuta uranium. Akiwa bado mbali na ile ofisi ya afya, mshale wa chombo ukapanda mpaka mwisho, kila upande alipogeukia. Akaona chombo kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Cha pili nacho kikasema vilevile. Alipofika, watu wa zimamoto walikuwa tayari kukichukua kitu kile wakakitupe mtoni. Akawazuia. Ni saa chache tu zilizotenganisha mtaa mmoja uliochafuka na mto mzima uliochafuka.

Wataalamu wa dunia hupima ajali za namna hii kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 7. Ngazi hizo zilianza kutumika mwaka 1990, na kila ngazi inahesabiwa kuwa nzito kama mara kumi kuliko ile iliyo chini yake. Chernobyl, huko Ukraine, na Fukushima, huko Japani, ziko ngazi ya 7. Goiânia imepewa 5, sawa na ajali ya mtambo wa umeme wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, mwaka 1979. Mtu akisikia nyuklia anafikiri mitambo mikubwa yenye ulinzi wa waya na askari. Kumbe ua wa mnunuzi wa mitraye umefika ngazi moja na mtambo.

Kuchelewesha habari haiko kosa la watu wasiosoma peke yao. Mtambo wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 mwezi wa nne 1986, na Muungano wa Sovieti ukakaa kimya mbele ya dunia. Siku mbili baadaye wafanyakazi wa mtambo wa Forsmark, nchini Uswidi, walikuta mionzi kwenye viatu vya mwenzao, wakaanza kutafuta mahali mtambo wao unapovuja. Haukuwa unavuja, mionzi ililetwa na upepo. Jioni ya siku hiyo ndipo Moscow ilikiri. Mwezi wa tisa mwaka huohuo nchi nyingi zilikubaliana mkataba wa kuarifiana mapema: nchi inayopata ajali ambayo mionzi yake inaweza kuvuka mpaka lazima iseme bila kuchelewa, kwa nchi zinazoweza kuguswa na kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna, AIEA.

Mexico, mwaka 2013, inaonyesha upande mwingine. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili wezi waliiba lori karibu na mji mkuu. Lilikuwa limebeba mashini ya hospitali yenye cobalt-60, iliyokuwa ikipelekwa kwenye ghala la taka za mionzi. Serikali haikuficha: ilitangaza wizi, ikaeleza kitu kikoje, na kuonya kwamba asiyejua asikifungue. Tarehe 4 kilionekana shambani, tayari kimetolewa ndani ya kinga yake lakini hakijatobolewa. Askari wakazungushia eneo. Kitu kile kilikuwa na nguvu ya mionzi kupita kile cha Goiânia, lakini hakukuwa na maziko.

Mionzi haina harufu wala ladha, na kwa kawaida haionekani. Ule mwanga wa Goiânia si jambo la kusubiri. Zipo alama. Ya zamani ni duara dogo lenye mabawa matatu, meusi au ya zambarau, juu ya rangi ya njano. Tangu 2007 kuna nyingine kwa vyombo vyenye nguvu kubwa: pembetatu nyekundu yenye mawimbi ya mionzi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Alama ikiwa imefutika, uzito unaweza kusema. Kisanduku kidogo kizito kupita kiasi huenda kimejaa risasi, ile madini, ambayo hutumiwa kuzuia mionzi. Upande wa mwili, kutapika bila sababu, kisha baada ya siku au wiki kidonda kama cha moto kwa mtu ambaye hakuungua, ni jambo la kumwambia mganga pamoja na habari ya kile alichoshika.

Anayekuta kitu cha namna hiyo asikiguse, asikifungue, na asifanye kama mama yule, ambaye alikipakia ndani ya basi kwa kukosa mtu wa kumpa shauri. Kitu kibaki pale, watu ndio waondoke. Umbali ni kinga ya bure: ukienda mbali mara mbili, mionzi inayokufikia inapungua mara nne. Kukitupa ziwani, kukichoma au kukizika hakukiui. Aliyekwisha kukishika anawe mikono, abadilishe nguo na kuziacha ndani ya mfuko uliofungwa, asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Majina ya waliokikaribia yaandikwe, maana waganga watayataka.

Kwa wakaaji wa mashariki ya Congo, habari hii haiko mbali. Shinkolobwe, katika Haut-Katanga, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya uranium ya mabomu ya kwanza ya Marekani. Mgodi ule ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wa mikono waliingia, na mwaka 2004 shimo liliporomoka na kuua watu. Migodi ya viwanda duniani hutumia pia vipimo vyenye cesium, na kipimo kikichakaa kinaonekana kama chuma kingine chochote. Na wako wanaoficha nyumbani visanduku wanavyoambiwa ni uranium, wakingoja mnunuzi. Kikiwa cha uongo, wanapoteza feza. Kikiwa cha kweli, wanalaza watoto karibu nacho.

Sheria namba 017/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 ndiyo inasimamia kinga dhidi ya mionzi nchini, na kamati ya taifa inayoshughulika na kazi hiyo ni CNPRI. Kijijini njia ya karibu ni chifu, polisi, au mganga mkuu wa zone ya afya, ambao wanapaswa kupeleka habari juu. Ujumbe mzuri unasema kitu kiko wapi, kikoje, kimeonekana lini, na nani alikishika. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuulizwa walikitoa wapi, na woga huo una sababu. Kiongozi anayemfunga mleta habari anamfundisha wa pili kunyamaza.

Kinshasa yenyewe ina kisa chake. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za uranium zilipotea kwenye kituo cha utafiti wa nyuklia cha chuo kikuu. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitaka kuiuza. Ya pili haijaonekana.