BARABARA IKIZIBA, NANI ANAIFUNGUA? (Sehemu ya 4)



Sehemu iliyopita tuliongelea dalili za hatari kwa mjamzito. Baada ya hapo swali moja likaja mara nyingi: "Sista, dalili nimeziona, gari nimepata, lakini lori limelala katikati ya barabara pale mbele ya Mpemba. Nifanyeje?" Ni swali zuri, na jibu lake linaanzia mbali kidogo. Twende taratibu.

Kwanza tuiangalie saa. Mama aliyejifungua akianza kutoka damu nyingi, anaweza kufariki ndani ya saa 2 tu. Sisi wa Tunduma tukipewa rufaa tunakwenda Vwawa, na mambo yakizidi tunakwenda Mbeya, kule Meta. Barabara ni ileile moja, upande mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Ikifungwa kwa saa 4, aliyeumia kwenye ajali ni mmoja, lakini wanaoteseka ni wengi ambao hata hawakuiona hiyo ajali.

Sasa hii barabara ilizaliwaje? Enzi za mkoloni Tunduma ilikuwa kituo kwenye ile Barabara Kuu ya Kaskazini, njia ya vumbi iliyotoka kusini mwa Afrika kupanda huku kwetu. Mambo yalibadilika tarehe 11 Novemba 1965, pale Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, na mwezi uliofuata njia hiyo ikakatwa. Nchi nzima ikabaki inaangalia kwetu, bandari ya Dar es Salaam.

Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma na kuvuka Nakonde. Masika matope, kiangazi vumbi, milima bila kingo. Madereva wa wakati ule waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya safari ya jehanamu. Lami ikaja kuwekwa kipande kwa kipande, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975.

Umeona mpangilio huo? Barabara hii ilijengwa kwa haraka ya kuokoa mzigo. Bomba na reli vilikuja kuipunguzia uzito, lakini malori hayakupungua. Leo yanabeba shaba ya Zambia na Kongo kushuka bandarini, na mafuta na bidhaa kupanda. Kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa Oktoba 2019, lengo lilikuwa lori lisikae muda mrefu mpakani. Hilo ni jambo jema. Ila lori likipinduka njiani, ule muda tuliookoa mpakani unaliwa wote pale lilipolala.

Wenzetu wamefanyaje? Kufungua barabara kuna hatua nne: kujua kwamba kuna ajali, kufika, kuhudumia majeruhi, na kuondoa gari. Kila nchi ilikaza pale ilipoona muda wake unapotelea.

Uholanzi waliona muda unapotea kwenye kusubiri. Kuanzia miaka ya 1990 wakaweka utaratibu kwamba simu ya kwanza ya ajali ikipigwa, gari la kuvuta linaitwa hapohapo, hata kabla polisi hawajafika kuthibitisha. Likifika likakuta hakuna kazi, linarudi.

Ujerumani waliona muda unapotea kwenye kufika. Sheria yao inasema foleni ikianza tu kujitengeneza, wa kushoto asogee kushoto kabisa, wengine wasogee kulia, katikati pabaki njia ya gari la wagonjwa. Mwaka 2017 wakaongeza faini kwa wasiotii.

Uingereza, mwaka 2004, walianzisha maofisa maalum wa barabara kuu, kazi yao kusimamia magari na kuondoa vizuizi, ili polisi wabaki na uchunguzi. Jimbo la Florida kule Marekani lilijiwekea lengo la dakika 90, na makampuni ya kuvuta magari makubwa yakimaliza kazi ndani ya muda yanalipwa nyongeza.

Usiniambie hizo ni nchi tajiri basi tumalizie hapo. Ni kweli njia zao ni pana na magari ya kuvuta wanayo mengi. Lakini soma tena ile ya Ujerumani. Kusogea pembeni kunahitaji pesa gani?

Kwetu hali ni hii. Lori likikwama, utingo anakata matawi anayatandaza barabarani kama onyo. Nyuma yake foleni inaanza. Baada ya dakika chache Noah moja inachomoka, inafuatwa na Kosta, kisha IT, kisha bodaboda. Wanajaza upande wa pili. Upande wa mbele nao wanafanya hivyohivyo, wanakutana uso kwa uso. Brekidauni inayotoka Mbeya inakuta ukuta, na gari la wagonjwa linalotoka Tunduma linakuta ukuta. Hapo lori limeziba upande mmoja tu. Upande wa pili tumeuziba sisi wenyewe.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi kama nesi. Foleni ikikaa muda mrefu, watu wanashuka, watoto wanasogea kuangalia. Lori likiwa la mafuta, ndoo na vidumu vinatoka. Afrika Mashariki tumeshalipa sana kwa hili. Sachangwan, Kenya, Januari 2009, zaidi ya watu 100. Sange, mashariki mwa Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Na kwetu Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini bila kuonekana mpaka ukute cheche ya pikipiki au sigara. Mtoto mfupi ndiye yuko karibu nao zaidi. Lori la mafuta likianguka, mbebe mwanao uondoke, hata kama halijawaka.

Basi turudi kwenye swali: ufanyeje?

Moja, dalili ya hatari usiisubirishe hadi asubuhi. Mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito na watoto wachanga wa dharura uko kwenye namba 115, bure. Polisi ni 112, Zimamoto ni 114. Ziandike nyuma ya mlango, na mama mkwe azijue.

Mbili, kama mimba yako ina shida inayojulikana, au ulishajifungua kwa upasuaji, usikae mbali ukisubiri uchungu. Wiki za mwisho hamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Baba, hilo lipangie bajeti mapema kama unavyopanga nguo za mtoto.

Tatu, ukiwa abiria kwenye foleni na dereva anataka kuchomoka, sema. Mkisema abiria wanne, dereva anasikia. Mwambie, "Kaka, upande ule muachie mgonjwa."

Nne, kwenye mikutano ya mtaa uliza: lori likilala hapa kwetu, brekidauni ya karibu iko wapi, na nani anaiita? Barabara ni ya TANROADS na trafiki wapo, lakini swali lisilojibiwa kabla ya ajali, siku ya ajali kila mtu anamtazama mwenzake.

Barabara hii ilijengwa ili nchi jirani isikose mafuta. Inatubidi sasa tuilinde ili mama asikose kufika Vwawa. Mtumie jirani yako mwenye mimba, na umtumie na yule shemeji anayeendesha Noah.

Sehemu ya 5: cha kuweka kwenye begi la kujifungulia, na cha kuacha nyumbani.